Sentensi Mbili na Salamu

Siku ya Jumanne, tarehe 3 Februari 1998, saa nne na dakika kumi asubuhi, Tarafa ya Chebororet iliunganishwa rasmi na ulimwengu mzima, na kabla ya saa sita mchana kamati ilikuwa imeshaundwa ya kuuzuia ulimwengu huo usituingilie ovyo. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kamati hiyo. Naandika haya kwa sababu maneno mengi yasiyo na adabu yamesemwa katika masoko ya Ndanai na Siongiroi, hasa na watu ambao hawakualikwa kwenye ufunguzi, na umma una haki ya kusikia kutoka kwa mtu aliyekuwa ameshika kalamu.

Jina langu ni Mathew Maritim. Jina kamili la kamati lilikuwa Kamati ya Tarafa ya Kuratibu, Kuchuja na Kukaribisha Intaneti katika Elimu. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Alexander Kimeto, Afisa wa Elimu wa Tarafa, mtu aliyeweza kufungua mkutano kwa saa nzima kabla mkutano wenyewe haujaanza. Nilimheshimu sana. Nilimbebea mkoba kwa miaka kumi na mmoja na sikuwahi kuuliza ndani mna nini.

Kompyuta yenyewe ilikuwa zawadi. Waumini wa kanisa moja la ng'ambo waliipeleka kwa Shule ya Sekondari ya Wasichana ya Chebororet, ili wasichana wapate masomo na msaada kwa njia ya intaneti. Barua ilisema hivyo waziwazi, kwamba ni ya wasichana. Tatizo ni kwamba shule haikuwa na simu. Laini pekee iliyokuwa hai katika tarafa nzima ilikuwa mezani kwa Bwana Kimeto, na kwa kuwa haingewezekana kuhamisha simu ya mkubwa kuipeleka kwa watoto, tuliamua kwa kauli moja kwamba kompyuta ndiyo iifuate simu. Ikawekwa ofisini, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na juu ya kitambaa tukaweka maua ya plastiki. Wasichana waliruhusiwa kuitazama kupitia dirishani siku ya ufunguzi, wakiwa kwenye mstari, wakiimba.

Mara baada ya soda tuliketi kujadili hatari. Bwana Kimeto alisema amepata habari za kuaminika kwamba huko kwenye intaneti mtu yeyote anaweza kumwandikia mtu yeyote jambo lolote, na likafika siku hiyohiyo. Tulishtuka. Sisi tumezoea barua ipite kwa mwalimu mkuu, iende kwa mkaguzi, ikae kwenye trei wiki mbili tatu, hata ikimfikia mwenyewe iwe imeshapoa. Barua ya moto inaweza kumuunguza mtu asiye na cheo cha kuishika.

"Lazima tuwe na njia," alisema Bwana Kimeto. "Njia ya watu wetu. Sio ya kuiga."

Hapo alitazama nje, akaona akina mama wakiteremka mlimani na vikapu mgongoni kwenda kituo cha majani. Nilijua wazo limemjia. Huwa anakuna sikio la kushoto.

Kwa faida ya msomaji anayetoka mahali ambapo chai huota dukani, nieleze. Hapa kwetu mkulima huchuna majani mawili na chipukizi, basi. Hupeleka kikapu kituoni, akakimwaga chote juu ya meza ya mbao mbele ya macho ya kila mtu, ili asije akaficha jani kuukuu au jiwe huko chini. Karani huyapitia kwa mkono na kuyabonyeza kwa kidole gumba. Jani laini huingia kwenye gunia, likapanda lori kwenda kiwandani. Jani gumu hukataliwa. Na jani lililokataliwa hurudi nyumbani na mwenyewe, tena ni kosa kubwa kulileta kituoni mara ya pili. Ndivyo inavyofanyika Jumatatu hadi Ijumaa tangu mimi nizaliwe, na chai yetu hunywewa na watu wa mbali ambao hatujawahi kuwaona.

"Kama chai inafika Ulaya kwa njia hiyo," alisema Bwana Kimeto, "kwa nini intaneti isifike?"

Hakuna mjumbe aliyekuwa na jibu, na jambo lisilo na jibu katika kamati yetu huhesabiwa kuwa limepita.

Kwa hiyo ikaamriwa kwamba kila ujumbe wa intaneti, unaotoka na unaoingia, upelekwe kwanza kituo cha majani cha Chebororet, kilomita tisa kutoka ofisini. Usomwe juu ya meza kwa sauti. Uchunwe kufuata kipimo kinachojulikana, yaani sentensi mbili na salamu. Sentensi laini zipande lori kuja ofisini, na sentensi ngumu zirudi na mwenye ujumbe. Janeffer, mpiga taipu wetu, aliapishwa kutosoma kitu chochote anachokichapisha, na tangu siku hiyo alikuwa akichapisha huku ametazama ukutani.

Karani wa kituo alikuwa Osoro, mtu wa upande wa Kisii aliyezaliwa na kukulia Sotik, mkali, asiyejua kucheka saa za kazi. Inasemekana aliwahi kukataa majani ya mama mkwe wake mchana peupe, na mama huyo akarudi nayo nyumbani akilia. Tulimwita kwenye kamati tumpe cheo cha Karani wa Ujumbe.

"Sasa Bwana," Osoro aliuliza, "jani nalijua. Sentensi nitajuaje hii ni ngumu?"

"Unaisoma. Kama inateremka vizuri, hiyo ni laini. Kama inakukwama hapa," Bwana Kimeto akagusa koo, "hiyo ni ngumu. Kataa."

"Na kama ni ujumbe ya mkubwa?"

Siku hiyo tulikuwa na mgeni kutoka wilayani, naye alikuwa ameanza kusinzia. Bwana Kimeto alipaza sauti mpaka mgeni akafumbua macho. "Bila kubagua cheo! Hata ikiwa yangu mimi mwenyewe! Juu ya meza, kwa sauti, na mwenyewe apange laini nyuma ya watu kama mwananchi mwingine yeyote!"

Tulipiga makofi. Mgeni pia alipiga. Niliandika maneno hayo kwenye kumbukumbu za mkutano nikayapigia mstari kwa wino mwekundu, na ninajivunia kwamba wino huo haujafifia hadi leo.

Mtu wa kwanza kuitumia huduma hii alikuwa Mwalimu Phelis Mongina wa kemia. Nitamweleza bila upendeleo. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyevaa gumbuti kazini, na alikuwa na tabia mbaya ya kuuliza swali kisha kungoja jibu. Alikuja ofisini siku ya Jumatatu, tarehe 2 Machi, akiwa na karatasi iliyokatwa kutoka gazetini. Chuo kimoja cha sayansi Nairobi kilikuwa kinatoa maabara nzima, yenye vifaa vyote kwenye makasha, kwa shule tano tu zisizo na maabara. Shule inayotaka ieleze upungufu wake kwa njia ya intaneti kabla ya saa kumi na moja jioni, Ijumaa tarehe 13.

"Mheshimiwa," alimwambia Bwana Kimeto, "hawa wasichana wangu wa kidato cha nne ni arobaini na mmoja. Watafanya mtihani wa kemia mwezi wa kumi. Kuna sehemu ya kufanya kwa mikono, na hawajawahi kuona bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia. Bureti yenyewe nimewachorea kwa ubao. Mashini iko hapa, laini iko hapa. Nipe tu dakika kumi niandike."

"Madam," alisema Bwana Kimeto kwa upole, "peleka kituoni."

"Kituo gani?"

"Ya majani."

Alingoja aone kama kuna maneno mengine yanakuja. Hayakuja. Akachukua karatasi yake akatembea kilomita tisa, na mvua ile ya Elinino iliyokataa kuisha tangu mwaka uliopita ikamnyeshea njia nzima.

Nilikuwepo kituoni kama mwangalizi. Foleni ilikuwa ya akina mama kama thelathini hivi, wakiwa na vikapu vyao. Mwalimu Mongina alipanga laini nyuma ya Mama Caren, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa wale arobaini na mmoja. Zamu yake ilipofika alitandaza juu ya meza barua aliyoiandika akiwa kwenye foleni, na Osoro akaanza kuisoma kwa sauti, sentensi moja baada ya nyingine, huku ameweka kidole gumba juu ya kila mstari.

"'Maabara yetu ni chumba chenye meza moja na nyuki kwenye dari.' Hii ni ngumu. 'Asidi tunayoijua ni maji ya limau.' Ngumu. 'Mwaka jana hakuna msichana hata mmoja aliyepita kemia, na kosa halikuwa lao.' Eh! Hii ni jani ya mwaka jana kabisa."

Akina mama walikuwa wameweka vikapu chini wakimtazama Osoro. Sikupenda jinsi walivyomtazama.

Mwisho Osoro alipata sentensi mbili za kufaa: "Shule yetu iko mahali penye hewa safi. Wasichana wetu ni wenye nidhamu." Akaziweka pamoja na salamu kwenye gunia. Zile nyingine kumi na tano akamrudishia mwenyewe.

"Lakini Osoro, ombi liko wapi?" Mwalimu Mongina aliuliza. "Umetoa ombi lote!"

"Mwalimu, mimi na wewe ni watu wa nyumbani kule Kisii, lakini kazi ni kazi. Ombi ni ngumu. Enda uchune ingine, ulete Jumatano ya wiki ijayo. Ile umerudishiwa usiilete tena, utanitia taabani."

"Na hiyo umeweka gunia?"

Osoro alifikiri. Kisha, jambo ambalo nililiandika kwenye ripoti yangu kama udhaifu, akazitoa zile sentensi mbili za hewa safi kwenye gunia na kumrudishia nazo.

Jumatano, tarehe 11, alirudi na kikaratasi kidogo. Kilikuwa na salamu na sentensi mbili tu: "Wasichana arobaini na mmoja watafanya mtihani wa kemia mwezi wa kumi na hawajawahi kushika bureti. Tunaomba maabara."

Osoro aliibonyeza ile ya kwanza kwa muda mrefu. Aliinua macho akamwona Mama Caren, ambaye alikuwa ameshapimiwa majani yake lakini hajaondoka. Akaisoma mara ya pili kimyakimya, kinyume cha kanuni. "Imechunwa leo," alisema hatimaye. "Bado ni mbichi. Iende."

Ikaenda. Kwa bahati mbaya lori lililoibeba lilikwama kwenye matope upande huu wa mto Kipsonoi, na intaneti ya Tarafa ya Chebororet ikalala hapo siku mbili, chini ya turubai, katikati ya magunia ya majani. Wananchi waliisukuma bila mafanikio. Ijumaa saa nane mchana trekta lilitokea upande wa Sotik likaivuta, na saa tisa na nusu ujumbe ukafika mezani kwa Bwana Kimeto ukinuka chai.

Aliusoma, uso ukambadilika.

"Maritim, umeona hii? 'Hawajawahi kushika bureti.' Hii dunia nzima itasoma! Watasema Kimeto anafanya nini huko?"

"Ni aibu, Bwana," nilisema.

"Si aibu tu. Ni uchochezi."

Akatwaa kalamu, akaikata ile sentensi ya kwanza na kuandika nyingine mahali pake kwa mkono wake mwenyewe. Saa kumi na dakika arobaini Janeffer aligeuka ukutani na kuutuma ujumbe, na ile mashini ikakoroma mpaka maua ya plastiki yakaanguka. Nilihifadhi nakala. Ilisomeka hivi: "Salamu kutoka kwa Afisa wa Elimu. Tarafa ya Chebororet, chini ya uongozi bora, haina upungufu wowote. Tunaomba maabara."

Mimi niliona sentensi hizo zinapendeza zikikaa pamoja.

Jibu liliingia Jumatatu iliyofuata. Janeffer alilichapisha bila kulitazama, akalifunga kwenye gunia, likapanda lori kwenda kituoni. Lilikuwa limetumwa kwa shule, kwa hiyo Mwalimu Mongina aliitwa kama mwenye ujumbe. Osoro alilisoma mezani kwa sauti, na kwa uaminifu uleule wa siku zote alichuna zile laini. Jioni hiyo tuliletewa sentensi mbili na salamu: "Salamu nyingi kwenu. Tumefurahi mno kusikia kwamba hamna upungufu wowote. Tutafika na gari Ijumaa, tarehe 27 Machi."

Bwana Kimeto alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama kwa sababu ya karatasi.

"Tumepata!" alisema. "Maabara inakuja na gari!"

Akaamuru chumba cha wageni ofisini kitolewe viti ili makasha ya maabara yapate nafasi, kwa sababu vitu vya thamani haviwezi kuwekwa shuleni ambako kuna watoto. Mawe yote ya njia yakapakwa chokaa. Kwaya ikaitwa. Mbuzi akatambuliwa.

Lakini yale majani yaliyokataliwa yalikuwa yamerudi na mwenyewe, kama kanuni inavyosema. Mwalimu Mongina alikuwa nayo kwenye mfuko wa koti, sentensi nne. "Kwa kuwa hamna upungufu, maabara itaenda kwa shule nyingine. Tunakuja na mwandishi wa redio kujionea tarafa ya kwanza nchini isiyokosa chochote katika sayansi. Tunatarajia kuona maabara yenu na wanafunzi wakiitumia. Kama kuna kosa lolote katika ujumbe wenu, tuandikieni mara moja, nami Dakta Bilhah Nyaberi nitaisoma barua hiyo mwenyewe."

Naomba ieleweke kwamba Mwalimu Mongina alijaribu kutuambia. Sitamnyima haki yake. Alikuja ofisini Jumanne asubuhi, gumbuti zikiwa na matope hadi magotini.

"Mheshimiwa, hao wageni hawaleti maabara. Wanakuja kuiangalia. Maneno mengine yalibaki kituoni, niko nayo hapa, soma."

Bwana Kimeto aliinua kiganja. "Hayo maneno yalipita kwa Osoro?"

"Yalipita."

"Akayakataa?"

"Aliyakataa, lakini Mheshimiwa—"

"Majani iliyokataliwa hairudishwi, Madam. Wewe unajua. Hata mtoto wa darasa la kwanza hapa anajua."

Mwalimu alinitazama mimi. Nami nilitazama kumbukumbu za mkutano, ambako jambo hilo lilikuwa limeandikwa. Akakunja karatasi yake, akatoka. Baadaye tuligundua kwamba alikwenda moja kwa moja hadi posta ya Sotik, akanunua bahasha na stempu, na kutuma ile barua yake ya kwanza, sentensi zote kumi na saba, pamoja na kile kikaratasi cha bureti alichokiandika upya. Alitumia posta ya kawaida katika mwaka ambao tarafa yake ina intaneti! Uzalendo wa namna hiyo mimi siuelewi.

Ijumaa ilifika. Kwaya ilisimama, chokaa iling'aa, mbuzi alinukia. Saa tano gari dogo lilisimama mbele ya ofisi, akashuka mama mmoja mnene mwenye miwani, na nyuma yake kijana wa redio akiwa na kinasa sauti begani. Bwana Kimeto aliipita mikono yao akaenda moja kwa moja nyuma ya gari na kuchungulia.

"Karibuni, karibuni. Makasha yako kwa gari ingine?"

"Makasha gani?" aliuliza Dakta Bilhah.

"Ya maabara."

"Sisi tumekuja kuiona yenu. Mliandika kwamba hamna upungufu."

"Kweli kabisa. Hatuna."

"Basi maabara iko wapi?"

Kijana wa redio alisogeza kinasa sauti karibu. Bwana Kimeto alikuna sikio la kushoto, na kwa mara ya kwanza wazo halikuja upesi.

"Dakta," alisema, "nieleze vizuri. Upungufu ndio hatuna. Maabara pia hatuna. Hiyo ni mambo mbili tofauti."

Nilidhani hilo ni jibu la kutosha. Dakta Bilhah alivua miwani, akaifuta, akafungua mkoba wake na kutoa bahasha yenye stempu ya Sotik. "Twendeni shuleni," alisema.

Kidato cha nne walikuwa darasani na Mwalimu Mongina, na hapakuwa na kwaya wala chokaa. Mezani palikuwa na chupa za soda, glasi za kuazima, majivu kwenye kopo la mafuta ya kupikia, malimau, na birika la chai ya rangi. Msichana aliyekuwa mbele alikuwa Caren, binti wa yule Mama Caren wa kule kituoni. Dakta alimuuliza wanafanya nini.

"Tunapima asidi, Madam. Hii chai ukiweka limau inakuwa nyeupe-nyeupe. Ukiweka maji ya jivu inakuwa nyeusi. Tunahesabu matone na hii mrija ya soda."

"Matone mangapi?"

"Kumi na nane mpaka irudi vile ilikuwa. Jana ilikuwa kumi na tisa, lakini Bilhah alikuwa ameshika mrija vibaya." Darasa likacheka, kwa sababu walikuwa na Bilhah wao. Dakta Bilhah naye alicheka.

"Umewahi kushika bureti?"

"Hapana, Madam. Naijua kwa kuchora. Naeza kukuchorea hata nikifunga macho."

Dakta alitoa mkobani bomba refu la kioo lenye mistari midogo na koki chini, akampa. Caren alilipokea kwa mikono miwili. Alifungua koki, akaifunga, akaifungua tena, na wenzake wote arobaini wakainuka polepole kwenye madawati bila mtu kuwaruhusu. Sauti pekee iliyosikika ni ya nyuki kwenye dari. Mwalimu Mongina aligeuka akafuta ubao ambao haukuwa na maandishi yoyote, akaendelea kuufuta kwa muda mrefu. Nakiri kwamba nilisikia kitu kikinikwama kooni, na kwa kufuata kipimo chetu wenyewe nikakikataa.

Redio ilitangaza habari hizo Jumapili, taarifa ya saa moja jioni. Walitumia yale maneno ya Bwana Kimeto kuhusu mambo mawili tofauti, tena walirudia. Kufikia wiki ya pili ya Aprili makasha saba ya maabara yalikuwa yameshuka shuleni, na chuo kikagharimia nguzo za simu ili laini ihamie huko pamoja na kompyuta, iliyotumwa huko tangu mwanzo. Janeffer alihama navyo. Siku hizi anatazama anachokichapisha, na inasemekana anacheka sana.

Kitu kimoja tu kilisahaulika. Hakuna aliyezifuta kanuni. Mwenye mamlaka ya kuzifuta alikuwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa amesimamishwa kazi kwa muda akisubiri barua kutoka makao makuu. Barua hiyo ilikuja Jumatatu moja asubuhi, tena kwa intaneti, kwa sababu makao makuu walikuwa wamesikia redioni kwamba sisi tumeendelea. Janeffer akaichapisha na kuipeleka kituoni kama inavyotakiwa.

Bwana Kimeto alifika akiwa amevaa suti. Alikwenda mbele moja kwa moja, mpaka mezani.

"Osoro, nipe barua yangu."

"Bwana, panga laini."

"Mimi?"

"Bila kubagua cheo," alisema Osoro, na akamwonyesha kwa kidole nakala ya kumbukumbu za mkutano iliyokuwa imebandikwa ukutani ili auone ule mstari mwekundu. Ni mwandiko wangu. Unasomeka vizuri hata kutoka mbali.

Akapanga laini nyuma ya Mama Caren, ambaye siku hiyo alikuwa na vikapu viwili na hakuwa na haraka. Jua lilipanda. Nusu saa ilipita. Zamu yake ilipofika Osoro alitandaza barua mezani, akaweka kidole gumba kwenye mstari wa kwanza na kusoma kwa sauti.

"'Salamu, Bwana Kimeto. Tunakushukuru kwa miaka yako ya huduma. Tunakutakia afya njema.' Hizi ni laini, ziende kwa faili ofisini." Akazitia kwenye gunia. Kisha akakohoa. "Sasa hizi zingine."

"Osoro, ndugu yangu, hizo nipe tu hivyohivyo. Nitasoma nyumbani."

"Haiwezekani, Bwana. Juu ya meza, kwa sauti. 'Umeondolewa katika cheo chako.' Ngumu. 'Utakuwa msimamizi wa ghala la chaki na ramani kuukuu.' Ngumu sana. 'Nyumba ya serikali uiache kabla ya Jumatatu ijayo.' Ah, hii hata haivunjiki." Akazikunja akampa. "Hizi zimekataliwa, ziko zako. Usizirudishe hapa."

Akina mama walimpisha njia kwa heshima zote, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi kwa niaba yake. Alishuka barabarani akiwa ameshika sentensi zake tatu mkononi, na hakuna aliyembebea mkoba.

Mimi sikuweza kumfuata, kwa kuwa nilikuwa kwenye laini. Nilikuwa nyuma yake wakati wote huo, maana Janeffer alikuwa ameniambia kwamba na mimi nina barua. Nilisogea mbele bila wasiwasi. Barua yangu ilikuwa fupi, nami nimewahi kuandika mara nyingi kwamba ujumbe mfupi ndio ujumbe bora.

Osoro aliitandaza mezani. Ilikuwa na sentensi moja, na hata salamu haikuwa nayo. Aliibonyeza kwa kidole gumba, akainama kuitazama kwa karibu, kisha akaisoma kwa sauti ileile aliyomsomea mkubwa wangu.

"'Wewe mfuate.'"

Akaisukuma kwangu juu ya ile meza ya mbao. "Katibu Maritim, hapa hakuna laini hata moja," alisema. "Beba yote, enda nayo nyumbani."